Mrushaji wa besiboli hapimwi kwa kasi peke yake

Mhariri,

Kila mara mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo, anapotia saini mkataba wa mamilioni ya dola, kurasa za michezo hutupatia mambo mawili tu, yaani kiasi cha fedha na kasi ya mpira wake. Naomba nafasi nieleze ni kwa nini tarakimu hizo mbili humpotosha kijana anayeitamani kazi hiyo.

Kijana anayechaguliwa na klabu ya Marekani, awe ametoka sekondari au chuoni, ni nadra sana kwenda moja kwa moja kwenye viwanja tunavyoviona katika televisheni. Hupelekwa kwanza katika ligi ndogo, ambazo hupandwa daraja kwa daraja hadi Triple-A, daraja lao la juu kabisa, na wengi huishia humo humo. Mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara wa Triple-A kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka, ilhali cha Ligi Kuu, ambayo ni hatua moja tu juu yake, kilikuwa dola 720,000. Hata akishapanda, sharti atimize miaka 6 ya utumishi ndipo awe huru kujadiliana na klabu yoyote aitakayo, kwa hiyo wengi wa wanaotia saini ile mikataba minono ni watu ambao viwiko vyao vimekwisha kurusha mipira maelfu kwa maelfu.

Kiwiko ndicho hasa kilichonishikisha kalamu. Hadi mwaka 1974, mrushaji aliyekatika kano ya ndani ya kiwiko alihesabiwa kuwa amemaliza kazi. Mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John, akaipitisha katika matundu aliyoyatoboa kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto, ule mkono wa kurushia. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarejea 1976 na kuendelea hadi 1989. Kati ya michezo 288 aliyohesabiwa kuwa mrushaji mshindi, 164 ilikuja baada ya kupasuliwa. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na wapo wanaouzungumzia kana kwamba ni kituo cha kawaida katika safari ya kila mrushaji. Mimi nauona kama bei ya kuabudu kasi.

Kasi si njia pekee: mrushaji Jamie Moyer hakuwahi kuwa na kasi ya kutisha. Aliingia Ligi Kuu mwaka 1986, akaachwa na klabu zaidi ya moja, akafanyiwa upasuaji huo huo wa kiwiko mwaka 2010, na bado Aprili 2012 akashinda mchezo akiwa na klabu ya Colorado Rockies, akiwa na umri wa miaka 49. Silaha yake ilikuwa mpira wa kubadili mwendo. Mkono huja kwa nguvu ile ile, ila mpira umeshikwa ndani ya kiganja badala ya ncha za vidole, hivyo huchelewa njiani, na mpigaji huwa amekwisha kulizungusha gongo hewani kabla haujamfikia.

Ombi langu kwa waandishi wako ni dogo. Mtakapotangaza mkataba ujao, tuambieni pia mrushaji huyo alikaa misimu mingapi katika ligi ndogo, na kama kiwiko chake kimewahi kupitiwa na kisu.

Msomaji wako wa kurasa za michezo