Mashapo ya alizeti yasiishie mtaroni

Mhariri,

Mimi ni mkamuaji wa alizeti hapa Ilula, mkoani Iringa. Kila msimu wataalamu hutuhimiza tuongeze eka na tutumie mbegu bora, nami nawashukuru. Ila sijamsikia hata mmoja akiuliza kinachobaki chini ya mapipa yetu.

Mashudu hayana shida, wafugaji wanayagombania. Nasemea mashapo. Mafuta yakishachujwa kwa kitambaa huwa bado yana ute. Yapashe moto hadi nyuzi 70 hivi, mimina maji ya moto, lita 2 au 3 kwa kila lita 100, ukikoroga polepole: ule ute hunywa maji, huvimba, kisha huzama. Unabaki na tope la kahawia linalonata vidoleni. Wengi wetu hulimwaga.

Tope hilo ndilo lenye lesithini, kitu kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika. Likikaushwa, viwanda huitia kwenye chokoleti, mikate na dawa. Ina kolini, ambayo ini na ubongo huihitaji, na wenye mzio wa soya huitafuta ile ya alizeti.

Viwanda vikubwa vina utajiri mwingine. Wanapoondoa harufu kwa mvuke wa nyuzi zaidi ya 200, sehemu ya vitamini E na steroli (aina ya mafuta ya mimea) hutoka na mvuke huo, kisha hukusanywa ukipoozwa. Vitamini E nyingi ya asili ya kwenye vidonge hutokana na masazo ya namna hiyo. Mtambo huo siudai kwa mashine zetu ndogo.

Kutoa ute tunakuweza leo, na faida yake huanzia kwenye mafuta yenyewe: hayafuri povu kikaangoni wala hayawi meusi upesi, kero ambayo wakaanga chipsi hutuletea kila mara.

Kinachotushinda ni kukausha. Tope likitoka, karibu nusu yake ni maji, na huharibika haraka. Mtu asithubutu kulila au kuliuza kama dawa. Naiomba SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ishirikiane na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya watutengenezee kikaushio kimoja cha pamoja hapa Ilula, tupeleke tope siku hiyohiyo linapotoka, na Shirika la Viwango (TBS) wapime kinachopatikana kabla hakijauzwa. Mashapo yangu yote ya msimu huu nayatoa bure kwa majaribio.

Mkamuaji wa alizeti,
Ilula, Iringa