Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, hivi mwanasayansi ni nani?

Mheshimiwa Waziri, salamu.

Nimekaa na hili jambo muda mrefu, yaani kila kamati ikiundwa lazima atafutwe "mwanasayansi anayepinga", na sifa yake inakuwa ni digrii basi, hakuna anayeuliza ni digrii ya nini. Kupinga mimi sina neno nako kabisa, sayansi imesogea kwa watu wabishi. Alfred Wegener alikuwa mtu wa hali ya hewa, wala si mjiolojia, 1912 akasema mabara yanasogea, wakamkataa, akafia Greenland 1930 wengi bado hawajamkubali, mpaka miaka ya 1960 vipimo vya chini ya bahari vikaonyesha alikuwa sahihi. Watu wanapenda sana kumtaja huyu lakini wanaruka kwamba alikuja na ushahidi mkononi, visukuku vya aina moja huku na kule ng'ambo ya Atlantiki, miamba inayofanana, vitu ambavyo yeyote angeweza kwenda kuvikagua. Barry Marshall naye hakuaminiwa aliposema bakteria ndo wanaleta vidonda vya tumbo, 1984 akawanywa mwenyewe, tumbo likawaka, akapimwa, akachapisha matokeo, na 2005 yeye na mwenzake wa utafiti Robin Warren wakapewa Nobel.

Sasa mtazame Kary Mullis, Nobel ya kemia 1993 kwa kugundua PCR, yaani njia ya maabara ya kunakili vinasaba (DNA) mara nyingi, kazi kubwa kweli, halafu akawa anasema VVU haisababishi UKIMWI bila utafiti wake wowote wa kuonyesha hivyo. Nobel yake ilikuwa ya PCR, haikuwa ya UKIMWI! Na Marekani kuna ile petisheni ya Oregon ya kupinga sayansi ya tabianchi, sahihi zaidi ya 31,000, ila ukiwa na digrii ya kwanza tu ya sayansi, uhandisi hata udaktari wa mifugo unahesabiwa, na ndo inapigiwa debe kama sauti ya wanasayansi.

Kwa hiyo Mheshimiwa, asiye na cheo kabisa ila ana data zake na ameonyesha alivyozipata, mpe kiti, tena cha mbele. Profesa anayekuja na jina tu mwombe kwanza alichopima kwenye suala hilohilo, na umuulize matokeo gani yangemfanya akubali amekosea. Akishindwa kujibu hayo mawili, tafadhali usimwandike kwenye ripoti kama mtaalamu.

Wako, mwananchi anayesoma ripoti zenu