Kaka, ile laki tatu uliyonirudishia

Shikamoo kaka.

Najua hii utaisoma, maana wewe kusoma unasoma kila kitu, kujibu ndiyo hujibu. Naiandika hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu.

Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021. Jumapili asubuhi ulinipigia, ukasema "Kumeisha," ukakata. Mbegu, viuatilifu, mabomba ya kupulizia, daftari la wadeni, vyote. Mimi nilikuwa na mwaka wa tano kazini, kazi niliyoipata kwa ada iliyotoka kwenye kibanda hichohicho. Nikakutumia laki tatu kwa simu. Saa haikupita, meseji ikaingia: laki tatu imerudi, na ya kutolea juu yake.

Ya kutolea, kaka! Mtu ameamkia majivu, bado anapiga hesabu ya makato ili mdogo wake asipungukiwe.

Kisa hicho nimekihadithia mara nyingi, watu wakacheka kiburi chako. Kuna kipande nilikuwa nakiruka. Nilipomaliza tu kutuma, hata hujasema umepata, niliandika kwenye grupu la ukoo: "Kaka nimemtumia kitu kidogo, na wengine mjitahidi." Shangazi akaweka vile viganja vya kushukuru. Binamu yetu mmoja, ambaye deni lake lilikuwamo kwenye daftari lililoungua, akaandika: "Ubarikiwe mdogo wetu, sasa umekua." Nilirudia kuisoma hiyo "umekua", sikufichi, ilininoga. Jioni nikabonyeza kuangalia nani wamesoma ujumbe wangu. Wewe ulikuwa wa kwanza.

Tangu hapo Desemba inafika, watu wanapanda Kibosho, kwetu Kilimanjaro, kuhesabiwa, wewe huhesabiwi. Mzee hakutaji. Anauliza tu, macho yako barabarani, "Mabasi mwaka huu yamejaa sana, eeh?" Tunamjibu yamejaa. Yeye naye ni walewale. Sijui kwa nini tunasema kiburi umekianza wewe. Kisu cha kuchinjia nimeshikishwa mimi, kitinda mimba, na kuchuna sijui. Mwaka jana ngozi niliitoboa mara mbili, wajomba wakajifanya hawajaona.

Nadhani wewe unaona haya kuingia getini mikono mitupu, baada ya miaka yote ile ya kushusha magunia ya sukari na mchele mbele ya majirani. Haya yangu mimi ni nyingine. Kukuomba radhi maana yake nikiri kwamba kwa ile laki tatu nilikuwa najinunulia sifa, na wewe ndiye uliyekuwa bei. Basi nimekiri. Nisamehe.

Halafu kuna jambo jingine. Nimelima nyanya robo eka shamba la chini. Majani ya chini yana madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, na yameanza kukauka kupanda juu. Duka la kwanza wamenipa dawa hii, la pili wakasema hiyo siyo. Wewe ungelitazama jani ukajua.

Picha nimekutumia pembeni, siyo kwenye grupu.