Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chasisi Kwanza, Mota Baadaye

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawakaribisha kwenye mkutano mkuu wetu wa mwaka. Mahesabu atayasoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, yaani chasisi za magari yetu ya rimoti.

Mtakumbuka tulivyoanza. Kila mtu alikuwa anasaka mota yenye nguvu kuliko ya mwenzake. Magari yalikimbia kweli kwenye mnyooko, lakini yakifika konani yanaserereka, mkono wa sasipensheni wa mbele unavunjika, na mchezo unaishia hapo. Kamati ikapendekeza, nanyi mkaridhia, kwamba daraja la wanaoanza libaki na mota ya 540 (namba ya saizi yake) inayokuja kwenye boksi, na fedha zote ziende chini ya gari. Nawashukuru kwa dhati. Mashindano yamekuwa ya karibu zaidi, na vijana wetu wa chuo wanajua sasa kwa nini gari linafanya linavyofanya.

Gari la wengi wetu ni Tamiya TT-02, la kipimo cha 1 kwa 10, yaani sehemu ya kumi ya gari halisi, lililoingia sokoni mwaka 2013. Linavuta kwa tairi zote nne, propela inapita katikati, na gia zimefunikwa. Kwa Dodoma kufunikwa huko ni neema, maana miezi ya kiangazi upepo unamwaga vumbi kwenye maegesho tunayokimbilia hata kama tumefagia asubuhi. Tatizo lake ni kwamba linakuja na bushi, yaani pete za plastiki, mahali penye kuhitaji beringi. Shilingi ya kwanza ya mwanachama mpya iende hapo. Nyingi ni za milimita 11 kwa nje na 5 kwa ndani. Chukueni zenye kifuniko cha mpira, kwa sababu vumbi letu huzimaliza haraka zilizo wazi.

Baada ya beringi ni shokapu za oili. Hapa naomba subira. Shokapu ikijazwa haraka inabaki na hewa ndani, na shokapu yenye hewa haimsaidii mtu. Jaza oili, sukuma pistoni juu na chini taratibu, iache isimame mpaka mapovu yaishe, ndipo ufunge. Oili ya silikoni ya 400 (namba ya uzito wake) inatosha kuanzia. Oktoba na Novemba, jua likiwa kali, oili inalegea, kwa hiyo panda namba kidogo.

Kitu kilichotufungua macho ni kioo. Tangu Serikali ihamie hapa, mafundi wa madirisha ya aluminiamu wamejaa mjini, na mmoja wao alitukatia kipande kinene kilichonyooka kabisa. Gari linawekwa juu yake, kisha unalinyanyua kwa mbele ukitumia ncha ya kisu, katikati kabisa ya chasisi. Tairi mbili za mbele zinatakiwa kuachana na kioo kwa wakati mmoja. Ikitangulia ya kulia, kona hiyo ya gari imebeba uzito mdogo, na gari halitakata kushoto kama linavyokata kulia. Usikimbilie kununua kitu. Hakikisha kwanza shokapu zina urefu sawa, halafu legeza skrubu za chasisi, ikandamize kwenye kioo, ukaze upya kidogo kidogo kwa kupishanisha. Kasoro ikibaki, kaza springi ya mbele kulia au ya nyuma kushoto. Nimeona magari yaliyotajwa kuwa mabovu yakipona kwa bisibisi tu.

Kwa vipimo vingine, lami yetu ina mikwaruzo, kwa hiyo acheni milimita 6 hivi chini ya chasisi; 5 ni za kwenye viwanja vya ndani vya kapeti. Tairi zilale ndani kwa juu nyuzi 1 hadi 2, kisha zitazameni baada ya kukimbia. Zikilika upande wa ndani peke yake, mmezilaza mno. Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha springi, oili na tairi kwa mpigo hatajua kilichomsaidia.

Kuhusu vipuri vya aluminiamu, msimamo wangu mnaujua na sijaubadilisha. Kwenye stelingi ni sawa, kwa sababu pale ulegevu unatuumiza. Kwenye mikono ya sasipensheni hapana. Plastiki ikigonga ukingo inapinda na kurudi. Aluminiamu inapeleka kishindo kwenye chasisi, na chasisi ndiyo ghali kuibadilisha.

Uwanja umetusumbua msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na tunaendelea kutafuta sehemu yenye paa.

Kamati inaleta maombi mawili mbele yenu. La kwanza, ziada ya ada inunue kioo cha pili na kipimo cha mlalo wa tairi, vikae kwa katibu na kila mwanachama avitumie bure. La pili, kila gari lipite kwenye kioo kabla ya kuruhusiwa kushindana. Kura zitapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina, na wenye ada iliyokamilika ndio watakaopiga.

Mwenyekiti