Mama, naomba majina yao yaandikwe

Penzance, Cornwall
Uingereza
20 Disemba

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Mie sijambo, alhamdulillah. Baridi ya huku ndiyo inayonipa tabu, hasa mikono, lakini kazi ya kuhudumia wazee naipenda na wazee wenyewe wamenizoea.

Nimeandika barua badala ya kukutumia sauti kwenye simu, maana jambo lenyewe, la watu wetu wa Nungwi waliookoa wenzao meli ya Pemba ilipozama, ni refu na nataka lisomwe taratibu, Ami naye akiwapo. Mpe mjukuu wako akusomee baada ya Isha, pakishatulia.

Jana usiku nilikwenda Mousehole. Huandikwa hivyo, lakini wenyewe hutamka kama "Mauzal". Ni kijiji cha wavuvi, si mbali na hapa ninapokaa, ukipita Newlyn kwa basi la pwani. Ukikiona utafikiri umekiona kabla: nyumba zimebanana, njia nyembamba, mashua zimelala upande maji yakitoka, nyavu na kamba zinanuka vile vile kama zetu. Kila Disemba wanapamba bandari yao kwa taa za rangi, na watu hutoka mbali kuja kuzitazama. Lakini tarehe 19, ikifika saa mbili usiku, huzizima kwa saa nzima. Nilisimama ukutani pale, nimejifunga shela juu ya koti, na zilipozimika hakuna aliyesema neno. Hata watoto walinyamaza. Ikawa unasikia bahari tu.

Waliozimiwa taa ni watu wanane wa kijiji kile. Usiku wa tarehe 19 Disemba 1981 meli ndogo ya mizigo, Union Star, iliharibikiwa mashine baada ya maji ya bahari kuingia kwenye mafuta, upepo ukawa unaisukuma kwenye majabali. Ndani walikuwamo watu 8, wakiwamo mke wa nahodha na mabinti wawili wa mke wake. Helikopta ya jeshi la majini ilijaribu kuwanyanyua ikashindwa, kwa jinsi mawimbi yalivyokuwa. Yalifika mita 18, mama. Mnazi mrefu hautoshi kukuonyesha, kwa sababu mnazi umesimama mahali pamoja, wimbi linakujia.

Basi ikatolewa mashua ya uokozi ya kituo cha Penlee, jirani na Mousehole, Solomon Browne, ya mbao, urefu wake mita 14 na kitu. Nahodha wake, Trevelyan Richards, alichagua watu 7 wa kwenda naye kati ya waliokuja mbio. Kijana mmoja wa miaka 17, Neil Brockman, alikuwa amekuja na baba yake. Nahodha akamchukua baba, mtoto akamrudisha, maana hakutaka kutoa watu wawili nyumba moja katika bahari ile. Walifika hadi ubavuni mwa meli, wakasema kwenye redio kwamba wameshawatoa wanne. Baada ya hapo redio ikanyamaza. Wote 16 hawakurudi, wale waliokuwa wakiokolewa na wale waliokwenda kuokoa.

Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa mvuvi wa Newlyn enzi hizo. Ndiye aliyenisimulia kilichofuata, na ndicho kilichonikaa moyoni zaidi. Ndani ya siku moja walijitokeza watu wa kutosha kijijini kuunda kikosi kingine. Maiti zilikuwa bado zinatafutwa. Na yule kijana aliyerudishwa, Neil, alikuja kuwa nahodha wa mashua ya uokozi ya hapo hapo. Mzee aliponieleza hilo alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, na chai ikapoa asiinywe.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hao hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Mmoja wa wale wanane alikuwa fundi wa simu, mwengine akiendesha baa ya kijijini, wengine wavuvi. Shirika lenyewe la mashua za uokozi, RNLI, lilianzishwa mwaka 1824 na William Hillary, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Man na kuona meli zikivunjika mbele ya macho yake. Leo lina vituo 238 pwani ya Uingereza na Ireland, na wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea. Mtu yuko dukani anauza nyama, kidude kiunoni kinalia, anavua aproni anakimbia. Pesa za mashua na mafuta zinatoka kwa watu wa kawaida. Madukani utakuta kopo lenye umbo la mashua, unatia ulichonacho. Wazee wakifa wanaacha wasia, sehemu ya mali yao iende huko. Mie mwenyewe siku za kuchangisha huenda nikasaidia kumimina chai na kuosha vikombe, na kwenye ile kazi ndogo ndipo nilipofahamiana na watu wa hapa, wakaacha kuniona mgeni.

Sasa nikwambie kwa nini nilirudi nyumbani jana nikashindwa kulala.

Kwenye vituo vyao kuna mbao kubwa ukutani. Zimeandikwa tarehe, jina la chombo kilichopata ajali, na idadi ya waliookolewa. Majina ya manahodha yamo. Mtoto wa skuli anaingia, anasoma, anaona jina la ukoo wake. Nahodha Richards alipewa medali ya dhahabu baada ya kufa, wenzake saba wakapewa za shaba. Mie nikasimama pale nikajiuliza: Nungwi ubao wetu uko wapi?

Mama, unakumbuka usiku ule wa Septemba 2011. Mie nilikuwa na miaka 14. Ami aligongewa mlango kabla ya alfajiri, akaambiwa meli ya Pemba imezama. Wewe ulitoka na taa, ukamwambia avae shati zito. Alichukua boti yake ya mashine na madumu mawili ya petroli aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kuvua wiki ile, na ile karabai ya dagaa. Hakuuliza nani atamlipa. Mkondo wa pale mbele ya ras tunaujua sote, hata wavuvi wazima huuogopa. Lakini wakatoka, yeye na wengine, boti baada ya boti, gizani.

MV Spice Islander ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake, hilo linajulikana na dunia nzima. Walionusurika walikuwa zaidi ya 600. Watu walikuwa wameshikilia magodoro, milango, mafriji, chochote kinachoelea. Nakumbuka boti ya Ami ilipoingia pwani jua limeshapanda, imekaa chini sana majini kwa uzito, na yeye amesimama nyuma shati hana. Shati alikuwa amemfunika nalo mtoto mdogo. Aliwashusha, akanywa maji, akaomba dumu jengine, akarudi. Mara tatu nilizoziona mie. Siku ya pili mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kuwavuta watu juu ya ubao wa boti, na wewe ukampaka mafuta ya nazi huku unalia kimya kimya ukidhani sikuoni.

Na wewe je? Ulifungua sanduku la dada, lile la harusi yake. Ulitoa kanga zilizokuwa bado na wanga wake, doti baada ya doti, ukazipasua kwa meno pale kati uzigawe vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujifunika. Naikumbuka sauti ile ya kitambaa kipya kikipasuka. Wanawake waliotolewa majini walikuwa hawana kitu mwilini, na ulichotaka wewe kwanza ni kuwasitiri. Jirani yetu alipika uji kwenye lile sufuria la maulidi. Mabibi walikaa mchangani wamewapakata watoto wasiowajua ni wa nani. Wanaume wengine walikwenda mjini, Maisara, kusaidia watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao miongoni mwa maiti. Na dada akaolewa kwa kanga za kuazima, hakusema neno.

Najua utakavyojibu. Utasema sadaka haisemwi. Utasema mkono wa kulia ukitoa wa kushoto usijue. Ami naye atasema alifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hataki kutajwa, na atanuna. Nimelifikiria sana hilo, mama, na naliheshimu. Lakini naona kuna mambo mawili tofauti hapa. Ami kunyamaza ni adabu yake. Sisi kunyamaza ni upungufu wetu. Yeye hapaswi kujisifu, lakini sie tuliomwona, tena watoto wetu, tumekatazwa na nani kumshukuru? Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na ni hadithi ya Mtume. Ukanifanya nirudi nyumba ya jirani usiku kwa sababu nilisahau kusema ahsante kwa bakuli la mchuzi.

Wala si kwamba kwetu hatujui kuheshimu watu. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria kule Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio walioanza kuifikia na mitumbwi yao. Watu 24 walipona kati ya 43. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, akasimamishwa mbele ya watu, akapewa shilingi milioni moja, na Rais Samia akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilipoona ile picha nililia, nikafurahi kwa ajili yake na mama yake. Halafu nikawaza wale wenziwe waliopiga kasia pamoja naye asubuhi ile. Nikawaza na wa kwetu.

Na jengine, nimesikia huku kwamba hawa hawa RNLI wameshirikiana na mradi wa Panje hapo Nungwi katika kufundisha watoto kuogelea, wasichana nao wakiwamo, wakavaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Kama nafasi bado ipo, mpeleke binti wa kaka. Mie nimekulia hatua mia kutoka baharini na mpaka leo siwezi kuogelea, na usiku ule niliona hilo maana yake nini. Hilo usilicheleweshe.

Sasa ombi langu. Simwombi mtu medali wala pesa. Naomba ununue daftari gumu lile la jalada jeusi, pesa nimetuma pamoja na za mwezi huu. Mpe mjukuu wako wa Fomu Tatu, mwandiko wake mzuri. Akae na Ami baada ya swala, aandike: nani alitoka usiku ule, kwa chombo gani, cha nani, petroli ya nani. Asiandike manahodha tu. Aandike na waliobaki pwani kupokea kamba. Aandike nani alipika, nani alitoa mashuka, nani alimlaza mgeni kitandani kwake yeye akalala ukumbini, nani aliosha maiti. Kina mama hasa, maana kwenye zile mbao za huku niliwatafuta nikawapata wachache. Likijaa, tutamwomba mwalimu mkuu wa skuli atupatie nafasi ukutani, na fundi wa majahazi atachonga ubao, mbao za mvule anazo na najua hatakataa.

Ami akinuna, mwambie mwanawe aliyeko Uingereza anasema jina lake si lazima liwe la kwanza. La kwanza tuliandike la yule mzee wa ngalawa ya bluu, aliyekwenda bila mashine, kwa kasia na tanga, akarudi na watu wanne. Amefariki mwaka juzi, na ukiwauliza vijana wa pwani leo, wanamjua kwa kuwa alikuwa akiwafukuza kwenye nyavu zake. Watoto wake wako Matemwe. Mjukuu wako aanze kwao, kabla ya Ramadhani, maana mkewe naye nasikia haoni vizuri na ndiye aliyemsubiri pwani hadi adhuhuri.

Nisalimie Ami, mwambie shikamoo yake naituma kwa mikono miwili. Nisalimie dada na wanawe, na jirani yetu wa sufuria la maulidi. Doti sita za kanga nimempa mtu anayekuja Unguja mwezi ujao. Ni za dada.

Wabillahi tawfiq.

Mwanao akupendaye