Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Wakuza Okidi kwa Wanachama, Mwaka 2024: Pamoja na Maelezo ya Ile Dawa ya Kromosomu

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama, vijana, habari za mwisho wa mwaka. Taarifa hii nilitakiwa kuisoma kwenye kikao cha Desemba ila tulifika watu 11 wakati chama kina watu 58, nikaona nikisoma pale kesho wengine 47 watasema hawakuambiwa, kwa hiyo namtumia kila mmoja kwenye simu yake.

Shughuli za kawaida mnazijua nazipita haraka. Vikao 12 vimefanyika vyote. Mwezi Mei tulifundishana kuhamisha mimea kwenye vyungu vipya, Juni tulimzika mzee wetu mmoja Mungu amlaze mahali pema, Agosti tulifanya maonyesho na mauzo siku mbili hapa Arusha tukapata 940,000, zile okidi za Ansellia tulizootesha wenyewe kwa mbegu ndizo zilizoisha kwanza. Wanachama wapya 6. Basi.

Sasa dawa. Najua wengi mmefungua ujumbe huu kwa ajili ya hilo.

Mwezi Machi kamati ilinunua dawa mbili, kolchisini na orizalini, tukawawekea vichanga vya okidi zetu za Cymbidium vilivyokuwa kwenye chupa ili kromosomu zao, vile vibeba urithi vilivyo ndani ya seli, ziongezeke mara mbili, na aliyesaini ni mimi. Kwenye grupu nimeitwa dikteta, nimeambiwa nimekula hela ya neti ya kivuli ya banda, nimeambiwa nafuga sumu nyumbani na kwamba tunatengeneza mimea ya GMO, yaani iliyopachikwa jeni za kigeni. Nimenyamaza humo miezi 9 kwa heshima ya chama, leo najibu yote na naomba mtu asome mpaka mwisho kabla hajaanza kurekodi voisi.

Kwanza tatizo lilikoanzia. Ile Cymbidium yetu ya kijani aliyotuachia mzee mwanzilishi ni diploidi, yaani ina seti mbili za kromosomu, jumla 40. Ile nyeupe kubwa tuliyoagiza kibao chake kimeandikwa 4N, yaani tetraploidi, seti nne, ina 80. Tulipozichanganya chavua ilibeba nusu na yai likabeba nusu, 20 kutoka huku na 40 kutoka kule, mtoto akazaliwa na 60. Huyo ni triploidi. Walipoanza kutoa maua mwaka 2021 wote tulifurahi, maua mapana, mazito, yanakaa wiki nyingi, mimi mwenyewe nilipiga picha nikaweka kwenye profaili. Lakini kuzaa hawazai. Kromosomu 60 zimekaa seti tatu, na mmea ukitaka kutengeneza chavua kromosomu zinatafutana mbili mbili, ile ya tatu haina mwenzake, hesabu inavurugika. Misimu mitatu tumepaka chavua kwa mkono, tunapata vifuko vinene mtu anashangilia, ukipasua ndani ni makapi matupu. Waliokuja kupasua wanajua nasema nini.

Dawa ya hilo ni kuifanya ile ya kijani nayo iwe na 80, ndipo 80 ikutane na 80, mtoto apate 80 na yeye azae. Hili sijalibuni mimi. Mwaka 1937 Marekani kina Blakeslee na Avery walitangaza kwamba kolchisini inaongeza kromosomu za mimea mara mbili, na kwenye miaka ya 60 Wimber na mwenzake Van Cott wakaifanya kwa Cymbidium hizi hizi tunazokuza sisi. Inavyofanya kazi ni hivi: seli ikitaka kugawanyika inanakili kromosomu zake zote, halafu kuna nyuzi ndogo sana ndani yake zinazozivuta nusu upande huu na nusu upande ule. Kolchisini inazuia zile nyuzi zisijengeke. Kromosomu zimeshanakiliwa lakini hakuna wa kuzivuta, zinabaki zote kwenye seli moja, ukiosha dawa seli inaendelea na maisha yake ikiwa na 80 badala ya 40. Hakuna jeni iliyotolewa kwa panya wala samaki ikapachikwa humo. Ndizi za matoke mnazokula ni triploidi, zina 33 wakati mshare wa hapa kwetu una 22, mbona hakuna anayekimbia mezani. Tikiti maji lisilo na mbegu linatokana na mzazi aliyeongezwa kromosomu kwa kolchisini hii hii. Na Cymbidium maarufu kuliko zote, Alexanderi 'Westonbirt', iliyotoka mwaka 1911 kwenye bustani ya Sir George Holford kule Uingereza, ni tetraploidi na hakuna aliyeigusa na dawa, maana ilitangulia ile habari ya kolchisini kwa miaka 26. Ilijitokea yenyewe, na wakuzaji wa okidi wakaitumia kuzalisha vizazi na vizazi bila kujua kwa nini watoto wake ni bora.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo naambiwa nilivunja katiba. Mwaka 2023 mwanzoni tuliichavusha ile ya kijani yenyewe kwa yenyewe, Oktoba tukapanda mbegu kwenye chupa, Februari vichanga vikawa vimeshakuwa vile vidonge vya kijani kama punje za mtama, protokomu. Dawa inatakiwa iwekwe hapo hapo. Ukichelewa kikaanza kutoa jani na mzizi, seli zimeshakuwa nyingi, dawa inabadilisha baadhi na kuacha nyingine, unapata mmea mchanganyiko nusu 40 nusu 80 ambao leo unakupa matumaini na mwakani umerudi kulekule. Katiba inataka watu 15 ili kikao kiamue. Kikao cha Februari niliita, walikuja 9. Machi niliita tena, nikapiga simu mtu mmoja mmoja, vocha yangu, walikuja 8. Protokomu hazisubiri akidi jamani. Kamati ikakaa, tukapiga kura, watatu wakakubali wawili wakakataa, na hao wawili nawaheshimu kwa sababu walikuwepo na walisema sababu zao mezani. Aprili nilieleza kila kitu kikaoni kwa watu 7. Katika wanaoandika sana kwenye grupu sikumwona hata mmoja siku hiyo.

Hela ya neti. Neti ya kivuli ya banda ni 1,200,000. Machi akaunti ilikuwa na 640,000. Hata tusingenunua tone la dawa neti isingepatikana. Dawa zote mbili, glavu, barakoa, usafiri na ushuru vilifika 780,000, mimi nikatoa 200,000 mfukoni kwangu ambazo sijazidai na sitazidai, chama kikatoa 580,000. Ada ya mwaka ni 60,000, shilingi 5,000 tu kwa mwezi. Waliolipa yote ni 21, waliolipa nusu 14, ambao hawajatoa hata mia ni 23. Zilizoingia 1,680,000, zisizoingia 1,800,000. Yaani deni la ada peke yake linanunua neti na kubakiza laki sita, ile pesa ya dawa inatoka humo na chenji inabaki. Katika wale 23 wapo watu wenye magari, wapo viongozi wastaafu wa chama hiki hiki, na inaniuma kwa sababu mama mmoja anayeuza mboga alilipa yake yote Januari, noti za elfu mbili mbili, na hajawahi kuniuliza kwa ukali.

Mahesabu mengine kwa ujumla: tulianza na 415,000, ada na mauzo ya maonyesho 2,620,000, matumizi ni agari, sukari, chupa na gesi 510,000, ukumbi 360,000, maonyesho 290,000, na hiyo 580,000. Salio 1,295,000, nyingi imeingia Novemba na Desemba. Mweka Hazina anazo risiti zote.

Sumu. Hili silipuuzi na mwanachama aliyeuliza kuhusu watoto alikuwa na haki ya kuuliza. Kolchisini ni ile ile dawa ya gauti, lakini kidonge cha gauti kina nusu miligramu, na sisi lita moja ya maji yetu ilikuwa na nusu gramu, maana yake ni vidonge 1,000 kwenye lita moja. Ndio maana haikufanyiwa jikoni. Ilifanyiwa stoo ya nje kwangu, yenye kufuli, watu watatu tu, glavu mbili mbili, barakoa, na binti yetu mmoja mjamzito nilimzuia mimi mwenyewe asisogee ingawa alitaka sana kujifunza, maana kitu kinachovuruga seli zinazogawanyika usikipeleke kwa mama mwenye mimba. Maji ya kuoshea yote tuliyaweka kwenye dumu tukalifunga mpaka maabara ya chuo kimoja ikakubali kulipokea na taka zao. Hakuna tone lililomwagwa shambani. Kuna mwanachama alishauri tuokoe hela kwa kuchemsha viazi vya Gloriosa, lile ua jekundu na njano linalotambaa kwenye vichaka, kwa kuwa nalo lina kolchisini. Ni kweli linayo, na ndio sababu nilikataa kwa sauti kubwa na narudia hapa, mtu asijaribu. Hujui kiasi kilichomo, na viazi vile vimeua watu.

Orizalini ni habari nyingine. Hiyo ni dawa ya magugu, inashika zile nyuzi za mimea kuliko za binadamu, na inatosha kidogo sana.

Matokeo sasa, ambayo hakuna aliyeniuliza. Protokomu 240. Kwenye kolchisini tuliweka 120, zikabaki hai 49. Orizalini 60, zikabaki 38. Maji matupu 60 kwa ajili ya kulinganisha, zikabaki 55. Waliosema "mmeua nusu ya vichanga" hawakukosea kwa upande wa kolchisini, lakini kufa ni sehemu ya kazi hii, kila anayeifanya anaua vingi apate vichache. Oktoba majani yalipotosha tukapaka rangi ya kucha chini ya jani, ikikauka unaibandua inatoka na chapa ya stomata, vile vitundu vya kupumulia vya jani, unaweka kwenye hadubini unapima. Tetraploidi stomata zake ni kubwa zaidi na zimeachana. Tulipata 11 za kutia matumaini, 5 za kolchisini na 6 za orizalini. Kijana wa mwanachama mmoja anayesoma chuo akahesabu kromosomu kwenye ncha za mizizi ya mimea mitatu kati ya hiyo. Mmoja wa kolchisini ni mchanganyiko. Miwili ya orizalini ina 80 kila seli aliyoihesabu.

Themanini. Aliponipigia simu nilikuwa sokoni nikakaa chini kwenye gunia la mtu. Miaka minane tunahangaika na ile ya kijani.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kolchisini tuiache kabisa, tubaki na orizalini, na iliyobaki ipelekwe kule kule kwenye taka za maabara. Wale wawili waliopinga walitaka hivyo tangu Machi, na kwa hilo walikuwa sahihi. Kuhusu kufanya jambo lenyewe sijutii.

Kuna hoja ya mwisho, ya mzee wetu, kwamba hela zetu ziende kwenye okidi za porini kwanza, na alitaja Kitulo, ile hifadhi ya nyanda za juu kusini, ambako viazi vya okidi vinachimbwa vinavushwa Zambia kutengeneza kile chakula chao cha chikanda. Mzee, moyo wangu uko huko pia. Ila hizi kazi mbili hazigombani. Naomba tuandike kwenye kanuni kwamba okidi ya asili ya nchi hii haitawekewa dawa na chama hiki, na mmea wowote ulioongezwa kromosomu hautoki kwenye banda kwenda kupandwa porini. Nitakuwa wa kwanza kusaini.

Mwakani tunatarajia neti, Mungu akipenda na ada zikija. Tunatarajia pia kuwa na mafunzo zaidi, labda safari, na kuongea na vyama vingine. Ile mimea miwili itachukua miaka kama minne hivi kutoa ua, na tetraploidi hukua polepole, wengine hutoka vilema au maua machache, sitaki kumdanganya mtu. Mengine 8 tutaihesabu tukipata nafasi maabara.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa 4 asubuhi, ukumbi ule ule. Katiba inasema anayepiga kura ni aliyelipa, na Mweka Hazina atakaa mlangoni na daftari kuanzia saa 3. Wenye kutaka nafasi yangu wajaze fomu kwa Katibu kabla ya tarehe 31 Januari. Chupa zenye ile mimea miwili, namba 14 na namba 31, nitakuja nazo siku hiyo niziweke mezani kila mtu azione.