Barua kwa rafiki aliyeniuliza kuhusu namba za alizeti

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Yako niliisoma mara tatu, na swali uliloliweka mwishoni ndilo lililonikalisha mezani jioni ya leo: je, ni kweli kwamba mimea inafuata hesabu, au ni sisi wanadamu tunaoziona namba popote tunapotaka kuziona? Sitaki kukujibu kwa haraka, kwa kuwa katika habari hii ukweli na uvumi vimechanganywa, na mwenye kuupenda ukweli hana budi kuvitenganisha.

Juma lililopita niliokota koni ya msonobari, nikaigeuza kitako juu, nikatia wino kwenye magamba yake nikifuata mistari inayojipinda kutoka katikati. Mistari iliyopinda upande mmoja ilikuwa 8, na ya upande wa pili 13. Nilihesabu upya nikidhani nimeruka gamba, nikapata vilevile. Katika ua la alizeti, lenye mbegu nyingi zaidi, mara nyingi utapata 34 na 55, na maua makubwa hufika 55 na 89. Namba hizi zote zimo katika mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, na kuendelea. Tunauita mfuatano wa Fibonacci kwa sababu Leonardo wa Pisa, mwanahisabati ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1202, kwenye fumbo la sungura wanaozaana. Hata hivyo, wataalamu wa ushairi wa Uhindi walikuwa wameufikia kabla yake, walipotafuta ni kwa njia ngapi silabi fupi na ndefu zinaweza kuujaza mshororo mmoja. Hunifurahisha mno kukumbuka kwamba namba za alizeti zilijulikana mapema na watu wa mizani ya mashairi.

Sasa tuje kwenye sababu. Mmea hauhesabu chochote. Kwenye ncha ya shina, kila kichipukizi kipya (katika ua la alizeti, ndicho kitakachokuwa mbegu) hutokea kikiwa kimezunguka takriban nyuzi 137.5 kutoka kwa kile kilichokitangulia. Chukua kalamu ujaribu mwenyewe. Zidisha 137.5 kwa 55, utapata 7562.5, ambayo ni mizunguko 21 kamili na nyuzi 2.5 tu za ziada; kwa hiyo kichipukizi cha 55 baada ya cha kwanza kinakaa karibu kabisa na mstari wa kile cha kwanza, kikiwa kimesogea kidogo upande mmoja. Zidisha kwa 34, utapata 4675, yaani mizunguko 13 pungufu ya nyuzi 5, nacho kinasogea kidogo upande wa pili. Hapo ndipo inapozaliwa ile mistari 55 inayopinda huku na ile 34 inayopinda kule. Ukijaribu kwa 40 utapata 5500, mizunguko 15 na nyuzi 100 juu yake, na jicho haliwezi kuunganisha mbegu zilizo mbali kiasi hicho. Tazama pia kwamba mizunguko yenyewe, 13 na 21, imo katika mfuatano uleule.

Kwa nini iwe pembe hiyo na si nyingine? Kama pembe ingekuwa theluthi ya duara, vichipukizi vingejipanga katika safu tatu zilizonyooka na kuacha nafasi tupu kati yao. Na sehemu yoyote sahili ya duara ingeleta safu za namna hiyo. Pembe ya nyuzi 137.5 inatokana na uwiano wa dhahabu, takriban 1.618 (unaoukaribia ukigawanya namba ya mfuatano wetu kwa iliyoitangulia, kama 89 kwa 55), namba ambayo kuikaribia kwa sehemu za namba nzima ni kugumu kuliko namba yoyote nyingine, ndiyo maana safu hizo hazijipangi kamwe na nafasi hujaa sawasawa.

Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Wilhelm Hofmeister alieleza kanuni yake: kichipukizi kipya huota pale palipo na nafasi kubwa zaidi. Siku hizi tunajua kwamba homoni ya ukuaji iitwayo oksini inahusika, kwa maana kila kichipukizi huivuta kwake, na kinachofuata hakiwezi kuanza mpaka kipate mahali ambapo homoni hiyo imekusanyika tena. Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa Ufaransa na wanafizikia Stéphane Douady na Yves Couder, waliolitangaza mwaka 1992. Walidondosha matone ya umajimaji wa sumaku katikati ya sahani yenye mafuta, matone yakawa yanasukumana na kuelekea ukingoni. Walipoongeza kasi ya kudondosha, pembe kati ya tone na tone ikakaribia nyuzi 137.5. Hapakuwa na mmea wala uhai, palikuwa na kusukumana na wakati tu.

Kuhusu uvumi nitasema machache. Gamba la nautilasi, mnyama wa baharini mwenye gamba lililojizungusha, linalochorwa kila mahali kama mfano wa uwiano wa dhahabu, hupanuka takriban mara 3 kwa kila mzunguko, ilhali mzunguko unaofuata uwiano wa dhahabu ungepanuka karibu mara 6.9. Maua ya jamii ya haradali yana petali 4, namba isiyomo katika mfuatano wetu. Na ule uwiano wa kimo cha kitovu na urefu wa mwili, unaodaiwa kuwa wa dhahabu, hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Hata alizeti yenyewe haitii sikuzote. Mwaka 2012, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwanahisabati Mwingereza Alan Turing, aliyefariki akiwa bado analichunguza jambo hili, watu wa kawaida walialikwa mjini Manchester kupanda alizeti na kuzihesabu. Matokeo ya maua 657 yalitolewa mwaka 2016: mengi yalifuata Fibonacci, lakini mengine hayakufuata, na hayo ndiyo ninayotamani kuyaelewa zaidi.

Kwa hiyo nakuomba utafute ua moja la alizeti lililokomaa, utie wino kwenye mistari inayopinda pande zote mbili, kisha uniandikie hesabu zote mbili kama ulivyozipata, hasa zikiwa hazimo katika mfuatano.

Wako akupendaye daima.